Dakika Arobaini za Alasiri

Mlinzi wa geti la kiwanda alimfahamu Kiganja kwa miaka ishirini na miwili. Walishawahi kugawana mwavuli, walishawahi kugawana msiba, na kila asubuhi walitaniana kuhusu nani kati yao atastaafu kwanza. Siku ile mlinzi hakutania. Alilisukuma daftari la wageni kwenye kidirisha, akainamisha macho.

"Andika, kaka. Jina, unakotoka na unayekuja kumwona."

"Natoka humu humu," Kiganja akasema kwa sauti ya juu, kama wasemavyo watu walioharibiwa masikio na mashine. "Unataka niandike natoka wapi?"

"Andika nyumbani. Usinitie matatani, kaka. Nimeambiwa wewe leo ni mgeni."

Mkewe, aliyesimama upande wa sikio la kushoto, ambalo bado lilikuwa na uhai kidogo, akamrudishia maneno yale taratibu. Kiganja akaandika. Mkewe akaandika. Binti yao, ambaye kazi yake ni kuchapa barua na kutoa nakala kwenye kiduka kimoja cha karibu na stendi, akaandika upesi upesi kwa mwandiko wa mtu mwenye hasira. Ndipo mlinzi akakiona kiti. Kilikuwa kiti cha plastiki, cheusi, cha kawaida kabisa, na Kiganja alikuwa amekibeba begani tangu nyumbani.

"Na hicho?"

"Ushahidi," binti akajibu.

Mlinzi akakipindua, akachungulia chini yake, akagonga miguu yote minne. Kwa kuwa hakujua kiti huingizwa kwa utaratibu gani, akaandika: wageni watatu, kiti kimoja. Kisha akawavisha beji za wageni shingoni, mmoja mmoja, na alipofika kwa Kiganja mkono ukasita. "Nisamehe, kaka," akasema, na alisema kwa dhati.

Beji zile zilifika kiwandani karibu miaka miwili nyuma. Kila moja ilikuwa kisanduku chembamba, ukubwa wa kiberiti, kinachoning'inia kifuani na kuwasiliana bila waya na vifaa vidogo vilivyopigiliwa ukutani. Hazikusikia maneno, zilisikia tu kwamba mtu anasema. Hazikuona sura, zilijua tu kwamba beji hii imeelekeana na beji ile, uso kwa uso, na kwa muda gani. Uongozi ulisema unataka kujua wafanyakazi wanavyoshirikiana. Wafanyakazi walisema uongozi unataka kujua nani anapiga soga. Nyuma ya kila beji palikuwa na maandishi madogo, kwamba kifaa hiki kinalindwa kwa hataza, na hapo ndipo Kiganja alipokutana na neno hilo kwa mara ya kwanza. Binti yake alimweleza: hataza ni karatasi ya serikali inayosema kitu fulani kimebuniwa na fulani, na mwingine asikiguse bila idhini yake.

"Kumbe ipo karatasi ya namna hiyo," Kiganja alisema siku ile, akaendelea kula.

*

Kazi yake ilikuwa kuchanganya. Kiwanda kilitengeneza ndoo, mabeseni, matangi na viti, na vyote vilianzia kwenye pipa la Kiganja, ambamo punje za plastiki zilikutana na unga wa chokaa, masizi na nta kabla ya kuyeyushwa. Hakutumia mzani. Alipima kwa kiganja cha mkono wa kulia, na wenzake wakampa jina hilo, na jina likashika hata mkewe akawa analitumia akiwa na furaha.

Miaka sita iliyopita viti vya kiwanda kile vilikuwa aibu. Vikikaa juani miezi mitatu vinakauka, vinapasuka, na watu wazima wenye heshima zao wanaanguka chali mbele ya wageni. Vilirudishwa kwa malori. Kiganja hakuagizwa kufanya lolote, ila roho ilimuuma kuona kazi ya mikono yake inachekwa, akaanza kujaribu hiki na kile, na baada ya miezi kadhaa viti vikaacha kupasuka. Hakuna aliyemuuliza amefanyaje. Meneja alidhani ni ubora wa punje mpya, na muuza punje, kwa kuwa hakuwa mjinga, alizipokea pongezi. Kiti cha kwanza cha mchanganyiko ule kilitoka na doa mgongoni, kikawekwa kwenye takataka, na Kiganja akaomba akichukue. Kikakaa nje ya mlango wa jikoni kwake, juani na mvuani, miaka sita, bila ufa.

Kisha akaja Mkemia, kijana msomi, mwenye adabu, aliyemwita Kiganja baba tangu siku ya kwanza. Kwa miezi minane alisimama naye penye pipa na mzani mdogo, na kila kiganja kilipojaa alikipima kabla hakijamwagwa, akaandika. Kiganja alifurahi. Tangu aanze kazi hakuwahi kupata mtu wa kutaka kujua. Halafu mwezi uliopita picha kubwa ikatundikwa mapokezi: Meneja na Mkemia wameshika karatasi yenye muhuri. Hataza ya mchanganyiko wa plastiki usiopasuka juani. Wabunifu wawili, na mchanganyaji hakuwemo.

Wiki hiyo hiyo likabandikwa tangazo kwamba mashine mpya inakuja, itachanganya yenyewe. Wachanganyaji wote wangeondoka, wabaki wabunifu tu wa kuifundisha. Kiganja alibakiwa na miaka minne kufikia mafao ya uzeeni. Akiwa ndani ya ile karatasi, angebaki. Akiwa nje yake, angepewa mkono wa kwaheri. Lakini tusimwonee kwa kusema alifuata kazi tu. Alichokitaka kwanza, kabla ya kazi, ni mtu mmoja mle ndani akitazame kile kiti na kusema: hiki ni chako.

Binti akachapa malalamiko, kurasa tatu, na kiwanda kikajibu kwamba Kiganja apumzike nyumbani kwanza, kisha aje siku fulani na ushahidi wake.

"Ushahidi upi tulionao, baba?" binti aliuliza. "Kiti hakisemi."

"Beji itasema," Kiganja alijibu bila wasiwasi. "Miezi minane tumesimama pamoja, mimi na yule kijana. Binadamu anaweza kukana. Kile kidude hakina ndugu wala rafiki."

Aliiamini ile beji kuliko alivyowaamini watu waliomvisha. Siku walipogawiwa waliambiwa waziache kwenye sanduku la getini kila wanapotoka, na atakayepoteza ya kwake atakiona cha moto. Kiganja alilitazama sanduku, halikuwa na kufuli. Basi yeye akawa anaondoka nayo, anakula nayo, anakaa nayo kifuani mpaka saa ya kulala, asubuhi anarudi nayo salama. Mkewe alimcheka sana. "Umeoa mke wa pili," alimwambia, "na huyu humvui."

*

Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu ya kioo na baridi ya mashine. Katibu muhtasi aliwaomba kiti kisiguse sakafu, kitakwaruza vigae, kwa hiyo Kiganja alikipakata mapajani kama mtoto mgonjwa. Upande wa pili wa meza walikaa Meneja, Mkemia, Mwanasheria wa kampuni, na afisa anayesimamia beji akiwa na kompyuta yake. Mwanasheria alikuwa mama mpole mwenye sauti laini, laini kiasi kwamba Kiganja hakuisikia kabisa.

"Na huyu mama ni nani?" Mwanasheria akauliza, akimtazama mkewe Kiganja.

"Ni mama yangu," binti akasema. "Leo ni masikio ya baba."

Mwanasheria akatabasamu, akaruhusu. Akauliza malalamiko ni nini, binti akayasoma. Akauliza ushahidi ni upi, na mkewe alipomfikishia swali lile, Kiganja akajibu kwa sauti iliyowashtua wote:

"Someni beji!"

Afisa wa beji alikuwa mtu anayependa hesabu zake zikae sawa, na hakuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani. Alibonyeza, akasoma. "Kwa miezi yote minane, beji ya mchanganyaji na beji ya mkemia zilielekeana kwa jumla ya dakika kumi na moja."

Mkewe hakuyarudisha maneno yale upesi. Alidhani amesikia vibaya. "Dakika ngapi, baba?"

"Kumi na moja, mama. Vipande vifupi vifupi vya asubuhi. Inaonekana ni salamu."

Kiganja alipoambiwa, kwanza alicheka. Akamwangalia Mkemia ili wacheke wote, maana yeye ndiye mwingine pekee aliyejua jinsi jambo lile lilivyo upuuzi. Mkemia alikuwa anatazama gilasi yake ya maji.

"Inuka, mwanangu," Kiganja akamwambia. "Inuka tuwaonyeshe."

Na Mkemia, kwa mazoea ya miezi minane, akainuka. Kiganja akamkabidhi mkewe kiti, akazunguka meza, akasimama bega kwa bega na yule kijana, wote wawili wakiielekea meza ya kioo kana kwamba ni pipa.

"Ni hivi," akasema. "Macho yote ndani. Pale hutazamani na mtu. Ukimgeukia mtu, mkono unaondoka na wewe unauona unaondoka. Mimi nasema huku naangalia humu, yeye anasikia huku anaangalia humu. Nyoosha mkono, mwanangu."

Mkemia akanyoosha mkono, kiganja juu, tayari kupokea. Kwa muda mfupi sana ukweli wote ulikuwa umesimama mle chumbani, na kila mwenye macho aliuona. Kisha Meneja akakohoa. Mkemia akaurudisha mkono wake na kuketi.

"Ni kweli mlikuwa mnasimama hivyo?" Mwanasheria akamuuliza.

"Tulikuwa sehemu moja ya kazi," Mkemia akasema. "Mzee alinisaidia sana."

"Alikusaidia nini?" binti akadakia.

Mkemia akanywa maji. Alikuwa na mama yake mgonjwa, alikuwa na wadogo zake watatu shuleni, na hakuwa mtu mbaya. "Kunishikia vitu," akasema.

Mkewe Kiganja hakulirudisha neno lile kwenye sikio la mumewe. Alilimeza. Lakini Kiganja alikuwa ameona midomo, na mtu aliyekaa kwenye kelele miaka ishirini na miwili husoma midomo vizuri kuliko wengine wanavyosoma magazeti. Akarudi mahali pake polepole, akakipokea kiti, akakipakata.

Hapo ingekwisha. Wangeondoka na huzuni ya kawaida, ile ya watu walioonewa. Lakini afisa wa beji alikuwa bado anatazama kompyuta, amekunja uso.

"Kuna kitu kingine," akasema. "Sijui kama kinahusika. Beji ya huyu mzee haikuwa ikiachwa getini. Ilitoka nje na kuhifadhi kumbukumbu, kisha asubuhi ikizileta. Na kila siku, kuanzia saa kumi na robo alasiri, inaonyesha sauti yake mwenyewe. Anasema kwa dakika thelathini na tano, arobaini, hamsini. Kila siku ya kazi. Humu ndani, kwa kelele za mashine, beji inamwona ndiye mfanyakazi mkimya kuliko wote. Huko nje, sijaona anayemfikia."

"Anaongea na nani?" Mwanasheria akauliza.

"Mtu asiye na beji."

Mkewe Kiganja akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Na mimi," akasema.

Wote wakamgeukia. Kwenye chumba kile hakuna aliyemtarajia, hata yeye mwenyewe.

"Akirudi anakaa kwenye hiki kiti, mlangoni," akaendelea. "Mimi niko jikoni, nimempa mgongo, napika. Ananieleza kazi yake. Anasema humu hakuna wa kumweleza, kelele tupu. Basi ananieleza mimi. Mwanzo nilikuwa naitikia tu, baadaye nikaanza kuelewa. Hamniamini? Niulizeni."

"Mama, subiri kidogo," binti akasema, ila hata yeye hakujua kwa nini amesema hivyo.

"Nisubiri nini? Wanataka ushahidi." Akasogea mbele, mikono juu ya kioo. "Unachukua unga wa chokaa, gunia dogo. Huutii hivi hivi. Unautandaza kwenye sinia pana juu ya moto mdogo, unaugeuza geuza mpaka uache kutoa mvuke. Usipoacha, kiti kitakuwa na matundu ndani. Ukiwa bado wa moto unatia nta iliyoyeyuka, huku unakoroga, mpaka unga ung'ae na usishike kidoleni. Hapo ndipo masizi. Viganja kumi na viwili kwa gunia moja la punje. Siyo kumi. Vikiwa kumi kiti kinapauka mwaka wa pili. Vikizidi kumi na vinne, miguu inakuwa migumu, inakatika. Halafu punje, kwa mafungu matatu, siyo mara moja."

Meneja alikuwa ameacha kuandika. Mkemia aliinua uso kwa mara ya kwanza, kwa sababu lile la viganja kumi na vinne yeye mwenyewe alilipata kwa kuharibu viti mia mbili.

Kiganja hakusikia yote, lakini aliona midomo ya mkewe. Sinia. Nta. Kumi na viwili. Alimtazama mwanamke huyu aliyempa mgongo kila alasiri, akichambua, akikata, akisema "ehe" na "kisha?", na yeye akidhani anaitikia ili kumridhisha. Hakuacha hata kimoja. Machozi yakamtoka, akayaachia yatoke. Katika maisha yake yote hakuwahi kujisikia amesikilizwa hivyo.

Kulikuwa na sehemu moja tu mkewe aliiruka. Ile nta haikutoka kichwani mwa Kiganja. Ilitoka siku aliporudi amekata tamaa, akasema unga unafanya madonge ndani ya plastiki kila akijaribu, na mkewe, aliyekuwa anaunga mchuzi mzito, akamjibu bila kugeuka: "Kwani wewe unaumwaga mkavu? Mimi wangu nauchezesha kwenye mafuta kwanza, ndipo nautia. Hauwezi kufanya donge." Hilo hakulisema mbele ya wale watu. Alitaka heshima yote iende kwa mumewe.

"Na haya uliyajua lini, mama?" Mwanasheria akauliza kwa upole ule ule.

"Mwaka ule viti viliporudishwa. Huyu kijana hata hajaajiriwa."

"Zaidi ya miaka mitano, basi."

"Sita," mkewe akasema kwa fahari.

"Na nani mwingine anajua? Majirani? Ndugu?"

"Majirani wa nini! Binti yangu tu. Tena yeye amechapa yote kwenye kompyuta ya pale kazini, ili tukija tuwe na maandishi."

Binti akafumba macho.

Mwanasheria akamaliza kuandika mstari wake, akaweka kalamu chini, akafungua jalada. Akatoa karatasi ambayo Kiganja aliitia saini siku walipogawiwa beji, pamoja na wafanyakazi wote, wamepanga foleni, kila mmoja akiharakishwa na aliye nyuma yake. Akasoma polepole ili mkewe aweze kuirudisha. Mfanyakazi hatatoa nje ya kiwanda, kwa mtu yeyote, maelezo ya namna bidhaa zinavyochanganywa. Akifanya hivyo, ajira yake inakoma siku hiyo hiyo.

Mkewe akaanza kumrudishia mumewe maneno yale, akafika katikati, akaishia hapo. Aliangalia mikono yake juu ya kioo kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Ngoja kwanza," binti akasema, amesimama. "Hebu tuelewane. Mnasema mchanganyiko si wake. Halafu mnasema ameutoa kwake nyumbani. Kama aliutoa, aliutoa wapi? Kichwani kwa nani?"

Meneja alitazama saa. Afisa wa beji alitaka kusema neno, akaona halimo kwenye hesabu zake, akarudi kwenye kompyuta.

"Dada yangu," Mwanasheria akasema mwishowe, "mimi sikatai kwamba umeuliza vizuri."

*

Waliwekwa mapokezi saa nzima, chini ya ile picha. Mkewe hakukaa. Alikuwa anajipiga kwenye paja kwa ngumi, taratibu, na kusema neno moja tu, "Mimi. Mimi. Mimi."

"Acha, mama," binti akasema. "Na mimi nimo. Laiti nisingeyachapa."

Kiganja akaushika mkono wa mkewe ule unaopiga, akaufunga ndani ya kiganja chake. "Umeyasema vizuri," akamwambia. "Hukukosea hata kimoja."

Walipoitwa tena Meneja hakuwepo, wala Mkemia. Mwanasheria alikuwa amebaki peke yake na karatasi mbili. Ya kwanza ilisema ajira imekoma. Ya pili ilisema kampuni, kwa kuthamini utumishi wake wa muda mrefu, haitampeleka mahakamani yeye, wala mkewe, wala binti yake, wala mwenye kile kiduka cha kuchapa, na itampa kiinua mgongo chake kidogo, iwapo atatia saini kwamba kuanzia leo hatausema mchanganyiko ule kwa mtu yeyote, wakiwemo watu wa nyumbani kwake.

"Baba, usitie," binti akasema. "Tutafute wakili."

"Na kazi yako?" Kiganja akamuuliza. "Na yule aliyekuajiri, ana kosa gani yeye?"

Akaichukua kalamu. Akatia saini kwa mwandiko mzuri, wa mtu aliyefundishwa kwa fimbo kuandika vizuri. Alipomaliza akainuka na kiti chake, na Mwanasheria akaweka mkono juu ya mgongo wa kile kiti, penye doa.

"Hiki kinabaki, mzee wangu. Ni sampuli. Samahani sana."

"Nilipewa," Kiganja akasema.

"Kuna maandishi?"

Hakukuwa na maandishi. Kilitolewa kwenye takataka na msimamizi aliyekwishafariki, ambaye alisema, "Kichukue, nani atataka kiti chenye doa." Kiganja akasimama akikitazama. Kisha akafanya jambo lililomfanya Mwanasheria ageukie dirisha: alitoa kitambaa mfukoni, akakifuta vumbi, kiti chote, mpaka chini ya miguu, akakiweka sawa kuelekea meza. Katibu muhtasi, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakusema chochote kuhusu vigae.

Getini mlinzi aliwavua beji. Alitazama daftari, akaona pale alipoandika kiti kimoja, akamtazama Kiganja, begani hapana kitu. Badala ya kuuliza akawapigia saluti wote watatu.

*

Wiki mbili zikapita. Kiganja alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, anaoga, anavaa, kisha anakumbuka. Binti yao aliyafuta yale maandishi kwenye kompyuta ya kiduka mbele ya mwajiri wake, ambaye tangu siku hiyo alikuwa akimsimamia mgongoni kila anapochapa. Hakuna aliyemlaumu mwingine, na ingekuwa afadhali wangelaumiana, angalau pangekuwa na kelele.

Alasiri moja mkewe alikuwa jikoni. Saa kumi na robo ikafika, akaijua bila kutazama saa, maana shingo yake ilikwishazoea kusikiliza nyuma. Kiganja alikuja akasimama mlangoni. Pale palipokuwa na kiti sakafu ilikuwa na alama nne, safi kuliko sehemu nyingine. Alisimama katikati ya zile alama, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kuanza jambo, na mkono wake ukaenda kifuani, mahali ilipokuwa ikining'inia beji. Haukukuta kitu. Pumzi ikatoka yenyewe.

"Sema tu, Kiganja," mkewe akasema bila kugeuka. "Hakuna kitu hapa. Tuko wawili."

Kiganja akageukia dirisha.

Mkewe akamimina mafuta, akatia unga kidogo, akauchezesha kwa mwiko. Akajaribu kuanza yeye. Alianza kwa sauti ya utani, ile aliyomwambia nayo kuhusu mke wa pili. "Unajua kuna kitu sikuwaambia wale. Unakumbuka siku ile ya madonge, nikakwambia wangu nauchezesha kwenye..."

"Nyamaza, mke wangu."

Akageuka. Katika miaka thelathini na moja mumewe hakuwahi kumwambia neno lile. Hakulisema kwa ukali. Alilisema akitazama dirisha lililo wazi, kama mtu anayeogopa jirani.

"Nimetia saini," akasema.

Mkewe akaupunguza moto. Akaepua mchuzi, akapakua, akavuta vigoda viwili vya jikoni akaviweka katikati ya chumba, kwa sababu hapakuwa tena na kiti cha mlangoni, wala yeye hakuwa na sababu ya kumpa mgongo. Wakakaa, magoti yakikaribia kugusana. Aliona kwamba mumewe amezeeka. Naye Kiganja aliona kovu dogo la mafuta chini ya jicho la mkewe, akashindwa kukumbuka kama aliwahi kuliona, akataka kumuuliza limetoka wapi, akaona swali lile linaanzia kwenye sufuria, na sufuria inaanzia kule kule. Akaacha.

Walikula hadi karibu saa kumi na moja, uso kwa uso, bila kusema neno. Kama kila mmoja angekuwa na beji kifuani, zingeandika kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mtu na mkewe walikutana.